Mifupa ya Nairobi na mawe ya Nsongezi

Agosti hii ya 2026 inatimia miaka 20 tangu viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya waanze kuyashinikiza Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yaifiche mifupa ya mtoto mmoja aliyekufa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Huku Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, Uganda, ambako mlokole, Mwislamu na Mkatoliki huishi kuta zikigusana, na ambako mkimbizi aliyetoka Nakivale kutafuta kibarua huleta Kiswahili chake cha Kongo au cha Burundi, ugomvi ule haujaisha. Mwanafunzi akirudi na daftari la bayolojia lenye somo la mageuko, jibu hulipata kabla hajaketi: "Babu yako ndiye nyani. Wangu ni Adamu." Watu hucheka, chai humiminwa, mjadala umekwisha.

Huisha upesi kwa sababu pande zote mbili zinaamini kwamba jambo lenyewe ni la Wazungu. Mmoja wao aliandika kitabu, wenzake wakagawanyika, sisi tukaletewa ugomvi pamoja na chaki. Si kweli. Sehemu kubwa ya ugomvi huu imepiganiwa katika nchi zetu, na mawe yake mengine yametoka Isingiro, wilaya ileile yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Ya ng'ambo yanajulikana. Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859. Mwaka uliofuata Askofu Samuel Wilberforce alibishana na Thomas Huxley mjini Oxford. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 huko Tennessee, Marekani, kwa kufundisha mageuko. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka 1871 Darwin huyohuyo aliandika kwamba yaelekea wazee wa binadamu waliishi Afrika, na kwamba mtu aliyelifuatilia jambo hilo kwa ukaidi kuliko wengi, Louis Leakey, alikuwa mtoto wa misheni. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society), na ujanani alikusudia kufuata nyayo zao.

Kwa Uganda, habari inaanza na E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Jiolojia iliyoanzishwa mwaka 1919. Serikali ya kikoloni ilimtaka atafute madini. Alitafuta, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mawe yaliyochongwa. Katika bonde la mto Kagera, pale Nsongezi, karibu na mpaka wa Tanzania, matabaka ya changarawe yalitoa zana za mawe kwa wingi. Miongoni mwake yamo mashoka ya mkono: jiwe linalojaa kiganja, limebanduliwa vigae pande zote mbili mpaka likapata ncha mbele na makali ubavuni, huku nyuma likiachwa nene ili lisimkate mshikaji. Aliyelichonga alijua anachotaka kabla ya kulipiga jiwe pigo la kwanza. Wataalamu walipokutana Nairobi Januari 1947, katika kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, jina la Kagera lilitumika kuita kipindi kizima cha mvua za kale.

Wayland hakukomea hapo. Kwenye mto Kafu, kule Bunyoro, aliokota kokoto zilizovunjika upande mmoja, akatangaza kwamba ni kazi ya mikono ya binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana. Aliiita kazi hiyo Kafuan. Jina likaingia vitabuni, likafundishwa vyuoni, wengine wakaanza kuziona kokoto za namna hiyo hata mbali na Uganda. Kisha mwaka 1959 W. W. Bishop (hakuwa askofu, ni jina la ukoo tu), mwanajiolojia wa idara ileile ya Wayland, alionyesha kwamba kokoto zikigongana zenyewe huvunjika vivyo hivyo. Hapakuwa na mchongaji. Kafuan ikafutwa, na ile hesabu ya vipindi vya mvua iliyobeba jina la Kagera nayo ikaachwa baadaye.

Katika habari hii yote, kwangu hicho ndicho kisa chenye uzito kuliko vingine, na ninakitaja kwa kila anayenibishia. Mhubiri atafurahi: kumbe wanasayansi hukosea! Naam, hukosea. Lakini aliyeifuta Kafuan alikuwa mwenzao, aliyepekua changarawe zilezile kwa subira kuliko mtangulizi wake. Na upekuzi huohuo ulioziangusha kokoto za Kafu uliyaacha mashoka ya Nsongezi yamesimama.

Upande wa imani nao una historia yake hapa, na ni kosa kudhani kwamba walokole wetu waliazima hoja Tennessee. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Kigezi na Ankole katika miaka ya 1930, ulitoka katika Misheni ya Ruanda, ambayo waasisi wake walisisitiza tangu mwanzo kwamba Biblia isipunguzwe neno. Oktoba 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Bishop Tucker, Mukono, wakiongozwa na William Nagenda, walifukuzwa baada ya kugoma kuacha sala na mahubiri ya alfajiri na kuwashutumu wakubwa wao kwamba wamelegea katika mafundisho na maadili. Darwin hakuwa kwenye hati ya mashtaka. Swali lilikuwa hilohilo hata hivyo: je, elimu ya msomi inaruhusiwa kukaa juu ya Kitabu? Mtu anayejibu hapana leo katika kanisa la mabati mjini Mbarara ana wazee waliojibu hivyo kabla yake na wakalipa gharama.

Ndipo tunafika Nairobi. Agosti 1984, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kikosi cha Richard Leakey, mtoto wa Louis, kilikuwa kimepiga kambi kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Siku ya mapumziko Kamoya Kimeu alitoka kutembea. Kwenye changarawe nyeusi aliona kipande cheusi vilevile cha mfupa, kidogo kama kiberiti, akatambua kuwa ni paji la uso. Kazi iliyofuata ilitoa mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja ambaye hakuwa amebalehe. Dunia ilimwita Mvulana wa Turkana.

Kamoya alikuwa Mkamba mwenye elimu ndogo ya darasani. Alipoanza kazi kwa akina Leakey mwaka 1960, kushika mifupa ya wafu kulikuwa mwiko kwa wengi wa kwao. Kwa hiyo kabla ya Biblia kugombana na Darwin juu ya mifupa hii, mila ilikuwa imeshatoa neno lake, na mtu mmoja akalishinda kimyakimya kwa kuamka kila siku na kwenda kazini.

Makumbusho yalipofungwa mwaka 2005 kwa ukarabati uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ilijulikana kwamba yatakapofunguliwa Mvulana wa Turkana ndiye atakayekuwa bwana harusi. Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa Christ is the Answer Ministries na mwenyekiti wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Kenya, akasimama kupinga. Alisema hakutokana na kiumbe yule wala chochote kinachofanana naye. Alitaka mifupa iwekwe chumba cha nyuma, au basi liwepo tangazo kwamba mageuko ni nadharia tu, hayajathibitishwa. Hofu yake kubwa ilikuwa watoto: wakifundishwa hivi kama ukweli, imani itakufa. Alitishia kuwaita waumini wayasusie makumbusho.

Richard Leakey hakuwa mtu wa maneno laini. Aliyaita madai hayo aibu isiyo na mfano, akayataka makumbusho yasirudi nyuma hata hatua moja. Dk. Emma Mbua, mkuu wa idara ya visukuku wakati huo, alibaki katikati akijibu waandishi wa habari kutoka kila bara, huku wengine wakihofia usalama wa mifupa yenyewe.

Nikiyasoma magazeti ya miezi ile naona mambo mawili. Askofu alisikika vibaya kuliko alivyosema: hakutaka mifupa ivunjwe, na aliyelipa kodi ana haki ya kuuliza ukuta wa makumbusho ya umma uandikwe nini. Lakini hoja yake ilikuwa dhaifu pale alipotegemea neno nadharia, kama kwamba mfupa ulioko mezani utageuka kuwa dhana kwa kubandikiwa karatasi. Leakey naye alishinda bila kumshawishi yeyote. Na jina la Kamoya, mwana wa nchi aliyekiona kipande kile, lilisikika kidogo mno katika kelele hizo. Laiti wangempa kipaza sauti yeye.

Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008. Mvulana wa Turkana yumo kwenye maonyesho. Wanafunzi wanampita kwa foleni, wengi wao wakitoka shule za makanisa.

Kwa Wakatoliki wa Nyamitanga, hapahapa Mbarara, hakukuwa na dharura: Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi kuhusu asili ya mwili wa binadamu mwaka 1950, na Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Waislamu wa Nyamityobora wanasimama na Adamu aliyeumbwa kwa udongo, ingawa wapo wanaokubali mageuko kwa wanyama na kumwacha binadamu pekee. Wasiofuata dini nao wapo: mwaka 2011 ilifunguliwa shule ya msingi ya wahumanisti huko Kasese. Mwaka huohuo serikali ya Uganda ilipanga kuvunja Makumbusho ya Uganda jijini Kampala ili ijengwe ghorofa ya biashara, mpango uliokwama baada ya wananchi kwenda mahakamani. Richard Leakey na Kamoya walifariki mwaka mmoja, 2022.

Na Nsongezi? Mabasi ya shule za Mbarara huenda hifadhi ya Ziwa Mburo kutazama punda milia. Sijaona linaloelekea Kagera. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Nakivale anaweza kufika kidato cha sita, akajibu swali la mageuko kwenye mtihani wa taifa wa UNEB, bila kuambiwa kwamba mashoka ya mawe yamechimbuliwa katika wilaya aliyokulia. Mchungaji wake hajui, sheikh wa jirani yake hajui, na mwalimu wake wa bayolojia huenda naye hajui.

Idara ya Makumbusho na wilaya ya Isingiro ziweke pale Nsongezi kibao, mlinzi na mtu wa kueleza, kwa Runyankole, Kiingereza na Kiswahili. Viongozi wa dini waalikwe siku ya kwanza, waje na maswali yao yote.