Kimya Kingi cha Mbinguni

Unapotafuta stesheni usiku ukakutana na mkwaruzo, upesi unazungusha kitufe. Karl Jansky, mhandisi wa kampuni ya simu huko Marekani, hakufanya hivyo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kelele zinazovuruga simu za redio zivukazo bahari. Nyingi zilitoka kwenye radi. Moja ilibaki, na mwaka 1933 alitangaza asili yake: ilitoka kwenye Njia Nyeupe.

Kampuni ilikuwa imepata jibu ililolitaka, naye akapangiwa kazi nyingine. Alifariki mwaka 1950, akiwa na miaka 44. Aliyelipokea jambo hilo ni Grote Reber. Mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga nyumbani kwao, katika mji wa Wheaton, sahani ya chuma yenye upana wa zaidi ya mita 9. Humo zikanaswa sauti kali kutoka mahali paitwapo leo Cygnus A.

Mwaka 1953 Roger Jennison na Mrinal Das Gupta, kijana kutoka India, waligundua huko Uingereza kwamba sauti hiyo inatoka pande mbili. Mwaka uliofuata Walter Baade na Rudolph Minkowski wakaonyesha kuwa katikati yake ipo galaksi, umbali wa mamia ya mamilioni ya miaka ya mwanga. Je, nguvu hiyo yatoka wapi? Leo tunajua: katikati ya galaksi kuna shimo jeusi. Gesi inapoliangukia, sehemu yake hutupwa nje kwa mikondo miwili yenye kasi inayokaribia ile ya mwanga, ikajaza mawingu makubwa kila upande.

Gesi ikiisha, mikondo hukatika, na mawingu hufifia polepole. Basi, twaweza kuiandika galaksi hiyo katika orodha ya marehemu? La hasha! Mwaka 2000 Arno Schoenmakers na wenzake walieleza juu ya galaksi zenye mawingu jozi mbili katika mstari mmoja: ya nje yamezeeka, ya ndani ni mapya. Shimo lilinyamaza, kisha likapata chakula, likanguruma tena. Mwaka 2007 ikatangazwa galaksi B0925+420 yenye jozi tatu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tungalikuwa na haraka ya kuzika, tusingaliyajua haya. Na kama Reber naye angaliuliza faida yake ni nini kwa kampuni, pengine tungekuwa bado tunazungusha kitufe. Tunapopanga bajeti zetu za elimu, tuwakumbuke wanaosikiliza kile ambacho wengine wamekiita kelele.