Mwanga Ulioumbua Vyungu Bandia

Mwanaakiolojia James Mellaart alipomaliza kuchimba kilima cha Hacilar, kusini-magharibi mwa Uturuki, mwaka 1960, masoko ya vitu vya kale ya Ulaya na Marekani yalianza kufurika vyungu na vinyago vilivyodaiwa kutoka huko. Makumbusho makubwa yalinunua, yakiamini ni kazi ya wafinyanzi wa zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Wapo waliovitilia shaka, lakini kwa macho peke yake ubishi usingekwisha.

Ulikwishia maabara, Chuo Kikuu cha Oxford. Martin Aitken na wenzake walitoboa kila chungu tundu dogo, wakachukua unga kidogo na kuupasha moto gizani huku chombo kikipima mwanga unaotoka. Kati ya vitu 66 walivyopima, 48 vilikuwa vya kisasa. Taarifa yao ilitoka mwaka 1971.

Mwanga huo unatoka wapi? Udongo wa kufinyangia una chembe za kwatsi na feldispa, pamoja na urani, thori na potasiamu kidogo sana. Mionzi ya elementi hizo tatu huzing'oa elektroni, na baadhi hunaswa katika kasoro za fuwele, zikakaa humo miaka nenda miaka rudi. Chungu kikichomwa kupita nyuzi 500 za Selsiasi, zote huachiliwa, zikitoa mwanga, na hesabu huanza upya. Ni kama mtungi uliokingwa chini ya paa linalovuja: ukijua maji yaliyomo na kasi ya matone, unajua umekaa pale muda gani. Chungu cha juzi, hata kikipakwa matope ya kaburini, kinakuwa hakijakusanya kitu.

Mwanga wenyewe ulijulikana zamani. Mwaka 1663 mwanasayansi Robert Boyle, huko Uingereza, alilala na almasi, akaona inang'aa ilipopata joto la mwili wake. Lakini ni mwaka 1953 tu ambapo Farrington Daniels wa Wisconsin, Marekani, alipendekeza utumike kupima umri, na mwaka 1964 Aitken, Tite na Reid wakachapisha vipimo vyao vya vyombo vya kale.

Kipimo hiki kina pengo la asilimia 5 hadi 10, na bado nakiheshimu kuliko vingi. Kipimo cha kaboni hupima umri wa mkaa uliookotwa kando ya chungu, na mkaa huo huenda ni wa mti uliozeeka kabla mfinyanzi hajazaliwa. Hiki kinahesabu kuanzia siku chungu kilipotoka motoni.

Ila sehemu ya mionzi hutoka kwenye udongo unaokizunguka chungu ardhini. Kigae kilichong'olewa na kuoshwa kimepoteza sehemu hiyo ya hesabu. Ukikuta vigae vya kale shambani au ufukweni, viache vilivyo, kisha toa taarifa makumbusho ya karibu.