Uanagenzi wa Mnasihi

Katika miji ya mwambao wetu, mwanamke hakupata kuitwa kungwi kwa kuyajua maneno ya unyago tu. Alitangulia kutumika chini ya kungwi aliyemzidi umri na maarifa, akimfuata nyumba kwa nyumba, akipiga ngoma alipopewa ngoma na kunyamaza alipoamriwa kunyamaza, hata ikafika siku watu wakaanza kumwendea yeye mwenyewe na siri zao. Hakuulizwa angependa kujifunzia wapi, maana palipokuwa na mkubwa wake ndipo palipokuwa na chuo chake. Unasihi wa kisasa, uliozaliwa mbali na kwetu, uliwapa wanagenzi wake hiari ya kuchagua mahali pa kutumikia, na hiari hiyo ina tarihi yake.

Mjini Berlin, mwezi wa Februari 1920, Max Eitingon na wenzake walifungua zahanati ya maradhi ya nafsi, ambamo mafukara walitibiwa bure au kwa kadiri ya uwezo wao; na humo wanafunzi wa elimu ya Freud walipewa wagonjwa wao wa kwanza, kila mwanafunzi akiwa chini ya uangalizi wa mkubwa wake. Basi mafukara walikuwa waalimu wa watu ambao baadaye wangetibu matajiri, na deni hilo, kwa kadiri nijuavyo, halijalipwa.

Lakini habari ninayotaka kuikalia ni ya Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, ambaye alianza kusomea ukulima, akageukia tarihi, kisha akaenda New York kusomea uchungaji wa kanisa, na huko akavuka barabara moja tu, kutoka chuo cha dini hata chuo cha waalimu kilichokuwa upande wa pili, akawa mwanafunzi wa elimu ya nafsi. Baada ya mwaka mmoja wa uanagenzi katika taasisi ya uongozi wa watoto mjini humo, ilimpasa mwaka 1928 kutafuta kazi, naye alikuwa na mke, na mtoto mmoja, na wa pili alikuwa njiani. Akakubali kwenda Rochester, katika shirika la kuwakinga watoto na ukatili, kwa mshahara wa dola 2,900 kwa mwaka. Mshahara huo haukuwa mwema hata kwa kipimo cha siku zile, na kazi yenyewe ilimtenga na vyuo vikuu na wanachuoni wake. Na yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima mwenye sifa, alistaajabu kwamba mambo hayo hayakumpitia moyoni hata kidogo, kwa sababu alifurahi kupata kazi aliyoitaka.

Akakaa huko miaka 12, akiwapokea watoto walioletwa na mahakama na mashirika ya hisani, na kila siku swali lilikuwa moja: njia hii inasaidia, au haisaidii? Alikuwapo kijana mwenye ada ya kuwasha moto. Rogers, aliyekuwa amesoma katika vitabu vya mabingwa kwamba uovu wa namna ile chanzo chake ni matamanio yaliyofichika, alimhoji siku baada ya siku mpaka akakifikia chanzo hicho, akaona kesi imekwisha. Kijana akaachiliwa, na haukupita muda akarudi katika kosa lile lile. Kitabu kikavunjika heshima mbele ya mwanafunzi wake.

Tena akaja mama mmoja, mwerevu, mwenye mwana mtundu kupita kiasi. Rogers aliona wazi kwamba mama alimkataa mtoto wake tangu utotoni, akajitahidi katika mazungumzo mengi kumwonyesha jambo hilo kwa upole, asifanikiwe. Mwisho akamwambia kuwa wote wawili wamejaribu na wameshindwa, na heri waachane. Mama akakubali, wakapeana mikono, akauendea mlango. Na alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama watu wazima nao hupokewa pale. Alipoambiwa ndiyo, akarudi kitini, akamwaga dhiki ya ndoa yake yote, na maneno yake hayakufanana hata kidogo na ile historia kavu aliyokuwa akiitoa kwanza. Hapo Rogers alifahamu kuwa mwenye maumivu ndiye ajuaye panapouma, na mafundisho yote aliyokuja kuyaandika yana asili yake katika kiti kile.

Nathubutu kusema kwamba lau angalichagua chuo kikuu chenye jina, mama yule asingalimfikia. Kwani chuo huchuja wanaoingia, ilhali mlango wa shirika la watoto huingia yeyote aliyesukumwa na shida.

Mwanzoni mwa 1940 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akawatia wanafunzi wake katika unasihi wa kweli chini ya uangalizi wake, jambo lililokuwa geni mno katika vyuo vikuu. Mazungumzo yalinaswa katika sahani za santuri, kila sahani ikibeba dakika chache tu, kisha mwanafunzi akajisikiliza: hapa amemkatiza mtu, hapa ameharakia kutoa shauri asiloombwa. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha mazungumzo manane ya mtu mmoja, aliyepewa jina la bandia la Herbert Bryan, neno kwa neno, pamoja na makosa ya mnasihi.