Fwaye za mtaani: mwenye nyumba akiondoka, watoto wanabaki na nani?

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Tangu Septemba 2019, serikali ilipofanya shule ya msingi ya umma kuwa ya bure, madarasa yamejaa sana. Katika shule nyingi watoto wanasoma kwa zamu: wengine asubuhi, wengine mchana. Anayetoka saa sita anakuta nyumba tupu. Mama yuko sokoni, baba yuko barabarani na chukudu yake. Kwa familia zilizohama kutoka Masisi au Rutshuru ni vigumu zaidi, kwa sababu nyanya, shangazi na jirani waliokuwa wakiangalia watoto kule kijijini nao wametawanyika.

Swali la nani aangalie mtoto wakati wazazi wanatafuta chakula lina historia ndefu katika Congo. Jibu lilikuja mara nyingi, kila mara likiletwa na mwenye nyumba mwingine.

Wa kwanza alikuwa kampani. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba ya Katanga, ilianza kwa kuajiri wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Bibi na watoto walibaki kijijini. Wafanyakazi wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampani ikabadilisha njia: mkataba wa miaka mitatu, nyumba kambini, na posho ya chakula kwa mume, bibi na watoto. Watoto wachanga walipimwa uzito, shule zikafunguliwa, na wamama wakafundishwa kulea watoto, kupika na kushona.

Msaada huo ulikuwa wa kweli, na watoto wengi walipona kwa sababu yake. Lakini kampani ilikuwa na hesabu yake. Mwanaume mwenye familia kambini hatoroki, na mtoto anayekulia kambini ndiye mfanyakazi wa kesho. Aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, na pamoja nao nyumba, posho na nafasi ya watoto wake. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mshahara bora, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Mkono uliogawa maziwa haukukubali kuulizwa maswali.

Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali ya Wabelgiji nayo ilieneza nyumba zake katika miji: fwaye sosiali. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilipata fwaye yake mwaka 1946. Wamama walifundishwa kushona, kufuma, kufua, kupiga pasi na kupika, na walimu walipita nyumbani kwao kuangalia kama usafi unafuatwa. Mpango ulikuwa kumfanya mwanamke awe mke wa nyumbani kwa mtindo wa Kizungu. Maoni yake mwenyewe hayakuwa sehemu ya somo. Hata hivyo, anayejua cherehani hahitaji ruhusa ya mwalimu ili ashonee majirani na kulipia watoto shule. Ujuzi ukishatoka nje ya mlango wa fwaye, unakuwa wa mwenyewe.

Mwaka 1967 Union Minière ikawa mali ya taifa, kisha ikaitwa Gécamines. Kwa miaka mingi familia za wafanyakazi zilipata hospitali, shule na fwaye kwa kampani hiyo moja. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 ilitoa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika. Kuanzia 2003, wafanyakazi karibu 10,000 walitolewa kazini kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Fwaye hazikufungwa kwa sababu watoto walikwisha. Zilikuwa zimefungwa kwenye mguu wa kampani, na kampani ilipoanguka zikaanguka nayo.

Mwenye nyumba mwingine ni kanisa. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville mwaka 1911. Kazi yao ilianzia Torino, Italia, katika miaka ya 1840, kwa vijana waliokuja mjini kutafuta kazi bila wazazi: mahali pa kucheza, kusali na kujifunza baada ya kazi. Goma ilipata mahali kama hapo Ngangi mwaka 1988. Kilianza kama kituo cha vijana. Baada ya vita vya 1996 na 1997 kikaanza kupokea watoto wasio na wazazi na wale wa barabarani. Novemba 2012, mji ulipoanguka mikononi mwa M23, maelfu ya watu walikimbilia humo. Januari 2025 wakakimbilia humo tena. Watu walikimbilia mahali ambapo watoto wao walikuwa wakicheza mpira siku za amani, kwa sababu njia walikuwa wanaijua.

Aina ya tatu ni turubai za mashirika, zile zinazoitwa nafasi rafiki kwa watoto. UNICEF na wenzake walianza mtindo huo mwaka 1999 huko Albania, kwa watoto waliokimbia vita ya Kosovo, kisha ukaenea hadi kambi za Kivu. Chini ya turubai watoto wanaimba, wanachora, wanaandikwa majina, na aliyepotezana na wazazi anatambuliwa. Ni kazi nzuri, lakini inapimwa kwa miezi ya mradi. Mwanzoni mwa 2025 kambi kubwa pembeni mwa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilipoondolewa watu, turubai za watoto nazo zikaondoka.

Tena, wahami wengi wa Kivu hawajawahi kukaa kambini. Wanakaa katika nyumba za watu, wanalala wengi chumbani, katika mitaa ambayo turubai hizo hazikufika kamwe.

Ukizipanga pamoja kampani, serikali, kanisa na mashirika, jambo moja linajirudia. Aliyeshika ufunguo ndiye aliyeamua nani anaingia, na siku alipoondoka, kilichobaki ni kile ambacho watu wa mtaa walikuwa wameshika kwa mikono yao wenyewe: ujuzi wa kushona, majina ya watoto, na tabia ya kuangaliana.

Kwa hiyo mtaa unaweza kuanza na vitu vidogo. Chumba cha kanisa au cha shule ambacho hakina watu saa za mchana. Watu wazima wawili kila siku, wala si mmoja peke yake, ili watoto wawe salama. Daftari la mahudhurio lenye jina la mzazi na la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Bidoni ya maji safi, na uji pale ambapo wamama wa likelemba wanaweza kuchangia. Mtoto wa mhami aandikwe kama wengine, bila kuulizwa alikotoka.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Zaire iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto nayo inaibebesha serikali mzigo wake, na mtaa kujipanga hakuondoi mzigo huo. Shirika likija na turubai mpya, lipokelewe vizuri. Ila siku ya kwanza, kabla picha hazijapigwa, wazazi waulize: mradi ukiisha, ufunguo na daftari vinabaki kwa nani?