Wembe Wenye Pengo

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Waliosema hivyo waliujua ukali wa wembe. Lakini ukali huo huo ndio unaoufanya uwe chombo chepesi kuharibika. Wembe wa zamani, ule unaokunjwa na kuingia katika mpini wake, ukianguka mara moja tu juu ya sakafu ya saruji hupata pengo. Ili tufahamu sababu yake, yatupasa kurudi nyuma hadi mji wa Sheffield, katika nchi ya Uingereza.

Hapo kale mafundi wa Sheffield walitumia chuma cha pua ambacho hakikuwa sawa kote. Huku kigumu, huku laini. Alikuwako fundi wa saa, jina lake Benjamin Huntsman, aliyezaliwa mwaka 1704. Huyu alitafuta chuma bora cha kufanyizia kamani za saa zake. Mnamo miaka ya 1740 alifaulu kukiyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, katika moto mkali mno, hata kikawa kama maji na takataka zikajitenga. Kilipopoa kilikuwa kigumu, tena sawa kila mahali. Lakini wafua visu wa Sheffield walikikataa, wakisema ni kigumu kupita kiasi. Basi Huntsman akakiuza Ufaransa. Visu vya Kifaransa vilipoanza kuwashinda sokoni, ndipo wale waliokikataa wakazinduka, wakakitaka wao pia.

Chuma kigumu hushika makali siku nyingi. Chuma laini kikigongwa hupinda; kigumu kikigongwa hubanjuka. Kwa hiyo pengo katika wembe mzee si dalili ya chuma kibovu. Mara nyingi ni dalili ya chuma chema kilichotunzwa vibaya.

Fundi hawezi kulijaza pengo. Hana budi kuupunguza ukingo wote mpaka ulingane na kina cha pengo. Kwanza husimamisha makali wima juu ya kinoo, akayasugua hata pengo litoweke. Hapo wembe huwa butu kabisa. Kisha huulaza, mgongo na makali yote mawili yakigusa jiwe, kwa maana unene wa mgongo ndio unaopima mwinamo wa makali. Huanza na jiwe la kukwaruza, akafuata jiwe laini, akamaliza kwa ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia ili ngozi isikatwe. Akitumia jiwe la kuzunguka kwa mashine, chuma kikapata moto hata kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha, wala kinoo hakiwezi kuurudisha. Na kama ufa umeanza penye pengo, heri wembe huo uwekwe kando.

Maji ya kunolea yaliokoa chuma, nayo yaliokoa watu pia. Katika karne ya 19, Daktari Arnold Knight wa Sheffield alieleza ya kwamba wanoaji wa nyuma za mezani, walionoa bila maji, walikufa wakiwa na umri wa miaka 28 hadi 32. Wanoaji wa nyembe, walionoa kwa maji na pasipo maji, walifika miaka 40 hadi 45. Vumbi la mawe na la chuma liliwaharibu mapafu.

Mwaka 1903 kampuni ya King Gillette, huko Marekani, iliuza vishikio 51 na nyembe nyembamba 168, za kutumiwa na kutupwa. Biashara hiyo ikaenea duniani, na kazi ya kunoa ikapungua.

Basi mtu anayeokota wembe mzee wenye pengo asifanye haraka kuutupa. Makali yale yaligharimu pumzi za watu. Kuyarudisha taratibu, kwa jiwe na maji, ni namna moja ya kuwaheshimu.