Jina Bila Mwili, Mwili Bila Jina

Mtu akizama Ziwa Victoria na mwili wake usipatikane, Wajaluo wa kando ya ziwa hawamwachi hivyo hivyo. Msako ukishindikana, familia hutafuta yago, lile tunda refu na zito la mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea, wakalizika nyumbani badala yake. Kaburi linachimbwa, watu wanalia, jina la marehemu linatajwa. Tunda linashika nafasi ya mtu.

Wengi wetu tuliokulia mjini tukisikia habari hii tunacheka kidogo, ati watu wanazika tunda. Lakini hebu angalia kazi ambayo tunda hilo linafanya. Kuanzia siku hiyo mke anajulikana kuwa mjane, watoto wanajulikana kuwa wamefiwa, na boma lina kaburi la kuonyesha. Kisiwani Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, uvuvi ndio unaolisha nyumba nyingi, na hata kwenda Mbita kununua dawa ni lazima upande boti. Pale hili si suala la ushirikina. Ni njia ya kumtoa mtu kwenye orodha ya waliopotea na kumweka kwenye orodha ya waliokufa.

Serikali nayo ina njia yake, na ni ndefu. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema kwamba mtu akikaa miaka 7 bila kusikika na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, basi atachukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka 7! Katika muda huo wote familia haina hati ya kifo, na bila hati hiyo urithi wa shamba unakwama na pesa za benki zinalala. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza baba alipopotea anamaliza shule ya msingi kabla sheria haijakubali kwamba baba hayupo.

Anayetaka kuua bila kuulizwa anaielewa hesabu hii vizuri kuliko sisi. Ukificha mwili, umeficha pia tarehe, ushahidi na kesi. Na katika eneo letu la maziwa, mahali pa kuficha pamekuwa majini mara nyingi.

Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera alisimama mbele ya umati huko Kabaya akasema Watutsi watarudishwa walikotoka kupitia mto Nyabarongo. Haikuwa fumbo. Nyabarongo unaingia Kagera, na Kagera unaingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Miezi 17 baadaye mauaji ya kimbari yalipoanza, mto ulifanya kama alivyosema. Maiti zilipita maporomoko ya Rusumo, zikafika Kasensero, kisha mikondo na upepo vikazisambaza ufukweni. Watu wakaogopa kula samaki. Mugesera mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

Waliozitoa maiti hizo majini walikuwa wavuvi na wanavijiji wa Uganda. Hawakuwajua wale watu wala hawakuwa na namna ya kujua majina yao, lakini waliwahesabu. Leo Uganda ina makaburi matatu ya kumbukumbu: Kasensero wamezikwa 2,875, Lambu 3,337, na Ggolo 4,771. Jumla ni 10,983. Ni idadi isiyo na majina, lakini idadi ipo, kaburi lipo, na kila mwaka kuna watu wanaokwenda kusimama pale. Mauaji yaliyokusudiwa kupotelea majini yakaishia kwenye saruji, na tarakimu zinasomeka.

Sasa tuje kwetu. Januari 2022 wanaharakati wa haki za binadamu walifika mochari ya hospitali ya Yala, Kaunti ya Siaya, wakakuta maiti nyingi zilizotolewa mto Yala. Hesabu iliyotangazwa ilizidi 20, na polisi walipotoa taarifa ikabainika kwamba miili hiyo ilikuwa imekusanywa kwa muda wa takriban miaka miwili. Wanaharakati walisema baadhi ilikuwa na alama za kamba na mateso, na mingine ilikuwa imetiwa kwenye magunia. Mto huo nao unamwaga maji yake kwenye ziwa lile lile linaloizunguka Mfangano.

Kinachotisha zaidi ni kwamba haikuwa siri. Wakazi wa mtoni walikuwa wakijua. Kuna waliokuwa wakizamia na kuivuta miili ile hadi ukingoni, na polisi walikuwa wakija kuichukua. Mochari iliipokea. Kila mtu alifanya sehemu yake, gari likaondoka, na habari ikaishia hapo. Tofauti na Kasensero, hapa hapakuwa na jumla. Maiti moja haikuunganishwa na ya wiki iliyofuata mpaka mtu wa nje alipokuja kuuliza mko na ngapi.

Kwa nini? Fikiria njia anayopita mtu aliyepotea katika nchi hii. Familia inaandikisha taarifa kwenye OB ya kituo cha karibu na nyumbani, labda Kayole, labda Thika. Mwili unaandikwa kwenye OB ya kituo kingine, kilomita mia tatu na zaidi kutoka hapo, kama maiti ya mwanamume asiyejulikana. Karatasi mbili, mtu mmoja, na hakuna anayezilaza mezani pamoja. Kazi hiyo wanaachiwa akina mama, wanaozunguka mochari baada ya mochari wakiwa na picha kwenye simu. Umbali huo wenyewe unamlinda muuaji. Mtu akichukuliwa kaunti moja na kutupwa nyingine, amegeuzwa mgeni hata katika kifo chake.

Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Huduma ya Kitaifa ya Wakorona mwaka 2017, ili vifo vya aina hii vichunguzwe na ofisi isiyo chini ya polisi. Yala ilipofichuka, miaka mitano ilikuwa karibu kupita na ofisi hiyo haikuwa imeanza kazi. Kenya pia ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu mwaka 2007, lakini haikuuridhia. Wakati huo huo muungano wa mashirika uitwao Missing Voices uliorodhesha visa 10 vya watu kutoweshwa mwaka 2023. Mwaka 2024, mwaka wa maandamano ya Gen Z, visa vikawa 55.

Tazama basi kilichotokea mtu alipofuatwa. Tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akapitishwa kituo cha Mawego, kisha akapelekwa Nairobi. Baba yake akafunga safari, hati ya shamba mkononi, akitumaini itakuwa dhamana. Alipofika aliambiwa mwanawe amekufa katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, na hadithi ya ukuta ikaanguka. Maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji.

Ojwang hakuokolewa. Lakini hakupotea, na sababu zake ni za kawaida kabisa: palikuwa na mtu aliyejua kituo gani, siku gani, nani alikuja, na aliyepanda gari kufuata. Katika mochari ya Yala wachache walitambuliwa na jamaa zao waliotoka mbali. Wengine walibaki nambari. Hawakukosa watu wa kuwapenda. Waliowapenda walikuwa wakitafuta mahali pengine.

Kwa hiyo nikifikiria yago, siwazi sana juu ya mila. Nawaza kwamba kando ya ziwa kuna watu walioamua zamani kwamba mtu hawezi kuachwa kati ya hai na mfu kwa sababu tu mwili umekosekana. Wana jina bila mwili, na wamelitafutia kaburi. Serikali ilikuwa na miili bila majina, ina alama za vidole, ina vitabu vya OB katika kila kituo na kompyuta Nairobi, na haikuitafutia majina hadi ilipoaibishwa.

Pengine kuna mama ambaye mwanawe alichukuliwa mwaka 2021. Kwa hesabu ya kifungu cha 118A, anangoja hadi 2028. Akiwa si wa kando ya ziwa, hata yago hana.