Nipe Mji: Majina ya Bibi Zetu Katika Mchezo wa Simuni



Sisi ni mafundi cherehani na wauza vitambaa. Watatu tuko Ukata, huku milimani wilayani Mbinga kwenye kahawa, wawili wako Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na waliobaki ni mashoga zetu wa Unguja. Tulianza kwa kuagiza kwao lesi na madira ya maharusi, tukaishia kuwa ndugu. Baada ya Isha, kazi ikiisha na mtandao ukikubali (Ukata mara nyingine hadi upande kilimani kidogo), tunacheza kwenye simu mchezo wa kutaja jina. Mmoja anajifanya mtu maarufu, anatoa vidokezo kimoja kimoja, wengine wanabahatisha ni nani.

Marekani walikuwa na mchezo wa kubahatisha redioni tangu mwaka 1946, maswali 20 basi, na mwaka uliofuata BBC nao wakaanza wa kwao. Sisi wetu tumeutoa jikoni kwa bibi. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa unaambiwa, nipe mji, na mtegaji hasemi jibu mpaka apewe mji anaoutaka. Sheria hiyo hatukuiacha. Kuna mwenzetu ana Muscat, Mombasa na nusu ya Pemba, wala hajawahi kuvuka maji.

Kuna majina hayachukui hata dakika. "Nina barabara Dar es Salaam." Hapo hapo: Bibi Titi Mohamed! Bado hujasema kwamba aliongoza kikundi cha lelemama, kwamba mwaka 1955 aliingia TANU akawakusanya wanawake, wala kwamba alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa mwaka 1972.

"Nilizaliwa Fumba mwaka 1880, nikaitwa Mtumwa." Hapa watu wa bara tunanyamaza, Unguja wanacheka. Ni Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia kwa hilo. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani kwa sauti yake. Kila tukimcheza huyu tunakaa kidogo kwenye hilo jina la kwanza. Mtu aitwe Mtumwa, kisha afe akiitwa Siti!

Aliyetuletea ugomvi ni Salme binti Said. Kidokezo chake kilikuwa kitamu: "Nilijifunza kuandika kwa siri, juu ya mfupa wa bega la ngamia." Zama zake mtoto wa kike alifundishwa kusoma Qur'ani, kalamu hakupewa, hata akiwa binti wa Sultani. Akawa ananakili herufi za msahafu peke yake mpaka akaweza, na mwaka 1859 akawa mwandishi wa barua za kaka yake Barghash alipokuwa akiutaka utawala. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, akabatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete. Shoga yetu mmoja akasema aliyetoka katika dini asitajwe katika mchezo wetu. Maneno yakawa mengi mpaka saa sita usiku. Sisi wa Ukata tuliona hivi: usiku wa hina bibi harusi achague mwenyewe majina ya kuchezwa, lakini kwenye historia Salme abaki, maana kitabu chake cha mwaka 1886 ndicho kinachotuonyesha wanawake wa majumba yale walivyokula, walivyovaa na walivyougua. Hasa walivyovaa. Sisi mafundi hatuwezi kukiacha.

Kisha mwenzetu mmoja wa huku Ruvuma akatega hivi:

"Nilinyongwa na Wajerumani Songea, tarehe 27 Februari 1906."

Wakajibu: Songea Mbano. Sivyo. Kinjikitile. Huyo alinyongwa Mohoro, tena Agosti 1905. Mkwawa. Huyo wala hakunyongwa, alijiua mwaka 1898. Wakataja na majina ya kubuni. Akaongeza kidokezo: "Mjumbe wa dawa ya maji alipita kwangu." Kimya. Akaongeza cha mwisho: "Katika kaburi la mashujaa, mwanamke ni mimi peke yangu." Simu zikanyamaza kabisa. Tangu mwanzo hakuna aliyefikiria mwanamke, na wachezaji wote ni wanawake.

Ni Nduna Mkomanile wa Kitanda. Yeye ndiye anayesimuliwa kuwa alimpokea Kinjala, aliyeleta dawa ya Majimaji kwa Wangoni, na kumfikisha kwa Nkosi Chabruma. Siku ile ya Februari walinyongwa watu zaidi ya 60, wakazikwa kaburi moja. Wanaume wana sanamu na majina marefu ya baba zao. Yeye kwa watu wengi ana jina moja tu. Hakuacha santuri, hakuacha kitabu, na waliomhukumu hawakuwa na haja ya kutuhifadhia maneno yake. Kila Februari Songea hufanya kumbukumbu ya mashujaa, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo kwenye makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha. Redio zilisema sana habari ya kichwa cha Songea Mbano. Mkomanile hatukumsikia.

Mtegaji alipoombwa achague mji, Dar aliukataa, na Unguja pia. Alitaka Kitanda. Ikabidi wenzetu wa visiwani waulize Kitanda iko wapi, tukawaelekeza: ni mkoa wetu huu wa Ruvuma, upande wa Namtumbo.

Sasa tuna sheria mpya: kila mchezaji alete jina moja la kwao kabla hajaleta la mbali. Na kwa maharusi wetu wa mfungo huu, hili ni lenu: "Nilikuwa mke wa mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, nikiwa mgonjwa, nilimtungia binti yangu utenzi wa namna ya kuishi na mume." Mkishindwa, tupeni mji.